BREKI HAZIKATAI, ANAYEKATAA NI TAJIRI

Ndugu wafanya kazi,

Kila gari la abiria linapopata ajali Nairobi maneno huwa ni yale yale. Askari husema breki zilikataa. Redio husema breki zilikataa. Tajiri mwenye gari hufika jioni, hutikisa kichwa, husema maskini, breki zilikataa. Dereva naye, kama yu hai, huwa amekwisha kutiwa pingu kabla mtu yeyote hajafungua gurudumu hata moja na kutazama mna nini ndani.

Mimi ni fundi wa breki. Nimelala chini ya magari ya watu tangu ningali kijana, kwanza Kirinyaga Road, ambayo wazee wetu bado huiita Grogan, na sasa Kawangware. Katika miaka yote hiyo sijaona breki iliyokataa kazi. Breki haina chama wala haijui kugoma. Hufanya kazi sawasawa na vile ilivyofungwa, ilivyotunzwa na ilivyopakiwa mzigo. Anayekataa ni mtu. Anakataa kununua, anakataa kungoja, anakataa kusikia. Leo nataka kumtaja huyo mtu, si kwa jina bali kwa kazi yake.

Jambo lenyewe ni hili la kung'oa breki za gari la aina moja na kuzifunga katika gari la aina nyingine. Kila fundi asomaye karatasi hii amekwisha kulifanya au ameombwa kulifanya. Magari yetu ya abiria hubeba kuliko yalivyoundwa kubeba, hukimbia tangu alfajiri hadi usiku, na breki zake za asili huchoka. Pale Kirinyaga Road diski na kalipa kutoka Japani zimepangwa chini kama viazi sokoni, za kila gari na kila ukubwa. Basi tajiri husikia kwa tajiri mwenzake kwamba fulani ametia breki za gari kubwa na sasa matatu yake inashika papo hapo. Kesho yake anakuja na gunia.

Wako watu wawili wanaotudanganya juu ya jambo hili. Wa kwanza ni huyo mwenye gunia, asemaye kwamba breki kubwa ni breki nzuri, funga tu. Wa pili ni bwana msomi anayetuandika magazetini kwamba mafundi wa jua kali ndio wanaoua watu kwa kuunganisha vyuma visivyojuana. Hawa wawili huonekana kama wanapingana. Lakini tazameni vizuri: wote wawili wanamwacha tajiri aende nyumbani salama.

Nitawaeleza niliyoyaona mwenyewe.

Tajiri mmoja mwenye matatu zinazokwenda mjini kwa Valley Road aliniletea gunia. Ndani mlikuwa na diski mbili na kalipa mbili za mbele, za gari kubwa kuliko lake. Zilikuwa vyuma vizuri, sisemi uwongo. Akasema, "Mzee, hizi zinashika. Zifunge, gari litoke saa kumi."

Nikamwuliza, "Masta silinda yake iko wapi?"

Akacheka. "Mzee, wewe unataka kuninunulisha gari zima."

Nikamwambia sitaki gari zima, nataka wenzake. Breki hizi zilipokuwa kwao zilikuwa na masta silinda yao, busta yao na mipira yao, na za nyuma zilizopimwa pamoja nazo. Nikaomba pia siku moja nzima ya kulijaribu gari likiwa tupu na likiwa na mzigo. Hapo alichukua gunia lake akaenda zake. Saa kumi na nusu nililiona gari lile lile likipita, limefungwa kalipa mpya, limejaa. Fundi aliyelifunga simlaumu sana, ana watoto kama mimi, ingawa nitakuwa na neno naye hapa chini.

Dereva wa gari hilo ni kijana mpole ambaye hata miraa hatafuni. Siku ya kwanza alifurahi, gari likashika. Siku ya pili akamwambia tajiri kwamba pedali inashuka chini mno. Akamwambia tena. Mara ya tatu akajibiwa, "Kama umeshindwa lete ufunguo, wako wengine stejini." Nanyi ndugu madereva mwajua neno hilo lina maana gani kwa mtu anayelipwa kwa siku.

Asubuhi moja ya mvua aliteremka Valley Road, gari limejaa, foleni imesimama mbele tangu karibu na Kenyatta Avenue. Akakanyaga, pedali ikaenda hadi chini. Akakanyaga mara ya pili na ya tatu, ikaja kidogo, lakini lori lilikuwa limekwisha kufika. Mungu alisaidia, hakufa mtu. Mama mmoja alivunjika mkono na kondakta alipoteza meno ya mbele. Kijana akalala rumande na kushitakiwa kwa kuendesha ovyo. Tajiri akaandika taarifa: breki zilikataa.

Gari lililetwa kwa jirani yangu kupigwa rangi, nami nikaomba ruhusa nikafungua magurudumu. Nataka msikie nililoliona. Zile kalipa hazikuwa na kosa hata dogo, na diski pia zilikuwa nzima. Kosa lilikuwa katika kile kisichonunuliwa.

Masikio sasa, hasa ninyi mnaoendesha, kwa maana mafundi mnajua. Ukikanyaga pedali, masta silinda husukuma mafuta kidogo tu, kama vijiko viwili vitatu vya chai kwa kanyago zima. Mafuta hayo ndiyo yanayosukuma pistoni za kalipa. Ukitia kalipa yenye pistoni kubwa zaidi, inataka mafuta zaidi ili isogee kiasi kile kile. Masta silinda ya zamani haina hayo ya ziada, basi pedali hulazimika kushuka zaidi. Mradi kila kitu ni kipya na baridi, gari linashika, na linashika kwa nguvu. Ndiyo maana tajiri alifurahi. Lakini ile akiba ya pedali iliyobaki chini ya mguu imekwisha kuliwa. Breki za nyuma zikilegea kidogo, au mafuta yakichemka kidogo, hakuna kilichobaki isipokuwa sakafu.

Na mafuta huchemka. Mafuta mapya ya breki ya DOT 3 hayatakiwi kuchemka chini ya digrii 205 za sentigredi. Lakini mafuta haya hunywa maji kutoka hewani, na yakisha kunywa, kipimo chake hushuka hadi digrii 140. Ndani ya kalipa iliyotoka mteremko hizo si digrii nyingi. Yakichemka huwa mvuke, na mvuke hubanwa kama puto. Mafuta niliyoyatoa katika gari lile yalikuwa na rangi ya chai ya mkandaa. Chupa mpya ingekuwa bei ya abiria wachache tu wa kwenda mjini. Basi dogo la tani 6 likiteremka mita 100 tu, na kutoka Kangemi hadi mjini ni karibu hivyo, lina nguvu ya kuchemsha zaidi ya lita 15 za maji. Sehemu huliwa na injini na upepo, lakini katika foleni ya Waiyaki Way, kanyaga achia, kanyaga achia, sehemu kubwa huishia katika breki. Na mwendo ukiwa mara mbili, joto la kusimama ni mara nne.

Tajiri mwingine atasema, basi tia masta silinda kubwa, yaishe. Hayaishi. Chukua masta silinda ya inchi 7/8 ubadilishe kwa ya inchi moja. Inasukuma mafuta zaidi kwa karibu asilimia 30, ni kweli, pedali inapanda juu. Lakini kwa kadiri ile ile mguu wa dereva lazima utie nguvu zaidi kupata kani ile ile ndani ya mipira. Kilichopatikana katika safari ya pedali kimelipwa na misuli ya mtu. Kama kalipa pia ni kubwa hesabu inaweza kurudi sawa, na ndiyo sababu vitu hivi hutembea pamoja. Ukikosea kupima, dereva anakanyaga kitu kigumu kama jiwe, anadhani breki zimekwama.

Hapa Nairobi pana jambo ambalo watu wa Mombasa hawalijui. Busta husaidia mguu kwa uzito wa hewa ya nje. Mji wetu uko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, hewa yake ni nyepesi kuliko ya pwani kwa karibu sehemu moja katika sita. Busta ile ile inayosaidia vizuri Likoni husaidia kidogo zaidi Lavington. Gari la dizeli nalo hutegemea pampu yake ya kufyonza hewa, na pampu ikichoka busta ni mapambo. Ni matajiri wangapi wamewahi kuuliza habari za pampu hiyo? Mimi nimekutana na mmoja, naye alikuwa dereva zamani.

Sasa tuje nyuma ya gari, ambako ndiko watu hawatazami kabisa. Magari mengi ya mizigo na ya abiria, kama HiAce, yana valvu karibu na ekseli ya nyuma yenye fimbo au springi inayopima mzigo. Gari likiwa tupu, valvu hupunguza mafuta ya breki za nyuma ili magurudumu yasifunge na gari lisigeuke. Gari likipakiwa, mwili unashuka, valvu hufungua. Ni akili nzuri sana. Kisha tajiri anasema gari linagonga mashimo ya Kawangware, ongeza majani ya springi. Gari linainuka, na valvu, ambayo haijui kitu isipokuwa kimo, hudhani gari ni tupu maisha yake yote. Abiria 14 wamekaa, na za nyuma zinapata mafuta ya gari tupu. Kazi yote inakwenda mbele, mbele panaungua, kisha tajiri anasema, "Breki za mbele ni dhaifu, nitafutie za gari kubwa." Mnaona mzunguko huo? Aliharibu za nyuma bure, sasa ananunua za mbele kwa pesa.

Wengine huifunga valvu hiyo kwa waya ibaki wazi siku zote. Hapo gari likiwa tupu, barabara ina maji, nyuma itafunga kwanza nalo litageuka uso wake lilikotoka.

Basi, je, Chama kinasema tusibadili breki? Hapana. Na hapa ndipo ninapoachana na yule bwana wa magazetini. Kutoa sehemu katika gari moja na kuzitia katika jingine ni ufundi wa kweli, na nchi hii imetembea juu ya ufundi huo tangu matatu za kwanza. Seti nzima ikitoka katika ndugu mkubwa wa gari lile lile, diski, kalipa, masta silinda, busta, na uzito wake ukalingana. Mipira ikanunuliwa mipya na mafuta mapya. Rimu ikapimwa isiguse kalipa, wala mtu asisage kalipa kwa mashine ili ipate kuingia. Hewa ikatolewa vizuri. Gari likajaribiwa tupu, kisha likajaribiwa na magunia ya mchanga mahali pasipo watu, tukatazama ni gurudumu lipi hufunga kwanza. Hilo ni gari bora kuliko lilivyotoka kiwandani, nami nitapanda na watoto wangu. Ujerumani watu hufanya hivyo hivyo, lakini huko ukibadili breki kwa namna ambayo gari halikuidhinishwa nayo, mkaguzi hulitazama na badiliko huandikwa katika karatasi za gari. Kwetu hakuna kilichoandikwa mahali popote. Badiliko liko katika kichwa cha fundi na katika mguu wa dereva, na wote wawili ndio wanaofungwa.

Kwa nini tajiri hataki seti nzima na siku moja ya majaribio? Si kwamba hana pesa. Rangi ana pesa yake, muziki ana pesa yake, taa za buluu na runinga ndani ya gari ana pesa yake. Ni kwamba siku moja ya majaribio ni hesabu ya siku moja imepotea, na hesabu ndiyo mungu wa biashara hii. Dereva lazima alete hesabu jioni, kinachobaki ndicho chake na cha kondakta. Dereva akisimamisha gari kwa sababu ya pedali, amejinyima chakula mwenyewe. Huu ndio ujanja wenyewe, ndugu zangu: hatari imefanywa kuwa ya mfanya kazi, na faida imebaki ya mwenye gari.

Kanuni za Waziri Michuki za mwaka 2003, zilizoanza kutumika Februari 2004, zilitaka vidhibiti mwendo vya kilomita 80, mikanda kwa kila abiria, na tena zilitaka madereva na makondakta waajiriwe kazi ya kudumu. Vidhibiti vilifungwa. Mikanda ilifungwa. Kazi ya kudumu iko wapi? Wangapi kati yenu mna barua ya kazi mfukoni? Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 nayo yasema mfanya kazi akiona hatari kubwa aiambie kwa msimamizi wake, na mwajiri asimtake kurudi mahali pa hatari hiyo mpaka ametengeneza. Sisi twasema kiti cha dereva ni mahali pa kazi kama kiwanda kilivyo. Yule kijana aliripoti mara tatu. Alijibiwa kwa neno la ufunguo.

Mwaka 2023 walikufa watu zaidi ya 4,000 katika barabara za Kenya, na mwaka 2024 vile vile. Sisemi wote ni breki. Nasema kwamba pale ambapo ni breki, anayeulizwa ni aliyekanyaga, si aliyekataa kununua.

Sasa neno langu kwa mafundi wenzangu, maana sitaki mtu aseme najificha nyuma ya tajiri. Tunapokubali gunia nusu na kusema "itashika tu", tunamwuza dereva. Mimi nilikataa kazi ile, lakini sikumwambia dereva chochote, nikakaa kimya na kunywa chai yangu. Ilikuwa umbali wa hatua 20. Nalifikiri jambo hilo mara nyingi kuliko meno ya kondakta. Tena tukikataa mmoja mmoja hatufiki mbali, kwa sababu gunia huvuka barabara tu. Gereji za Kawangware, Kangemi na Dagoretti zikikataa pamoja, litavuka kwenda wapi?

(Na ninyi vijana mnaopuliza vumbi la breki kwa kompresa, lowesheni kwanza kwa maji. Lainingi za zamani zilikuwa na asbesto, ambayo huleta saratani ya mapafu, na katika gunia la vyuma vilivyotumika hakuna ajuaye ya zamani ni ipi.)

Tunataka hivi. Breki zikibadilishwa, iandikwe karatasi: sehemu zimetoka gari gani, zimefungwa lini, masta silinda ni ya kipimo gani, gari limejaribiwa tupu na kwa mzigo. Tajiri aitie sahihi, fundi aitie sahihi, nakala moja ikae ndani ya gari. Kama tajiri amekataa kitu ambacho fundi ametaka, iandikwe kwamba amekataa. Na dereva anayerudisha gari kwa sababu ya breki alipwe siku yake, asitishwe na ufunguo. Tajiri mwaminifu hatapoteza chochote kwa karatasi hii. Watakaopiga kelele mtawajua kwa kelele zao.

Karatasi imekwisha kupigwa chapa kwa Kiswahili, ukurasa mmoja. Mafundi waichukue kwa mjumbe wa gereji, madereva na makondakta kwa mjumbe wa stejini. Kesi ya kijana wa Valley Road bado haijasikizwa. Mimi nitasimama mahakamani kusema nililoliona ndani ya magurudumu yale, lakini fundi mmoja peke yake ni rahisi kuitwa mwongo. Natafuta wawili zaidi wajuao breki, tukalifungue gari lile pamoja mbele ya wakili kabla halijauzwa. Yule aliyezifunga kalipa akija, tutampokea. Yeye ndiye ninayemtaka kuliko wote.

Mwenzenu katika kazi,
Fundi wa Breki, Kawangware